Shilingi Mbili: Thamani ya Fedha ya Kenya na ya Tanzania tangu 1966, na Ushahidi wa Maneno

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa desturi huachiwa wanauchumi, nalo ni thamani ya shilingi ya Kenya ikilinganishwa na shilingi ya Tanzania tangu nchi hizi mbili zilipoanza kutoa fedha zake zenyewe mwaka wa 1966. Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza habari za mabenki zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, fedha hizi zina jina moja, na jina hilo limekwisha kuwa la Kiswahili; kila mara thamani zake zilipoachana, wasemaji walilazimika kutafuta maneno ya kuzitenganisha. Pili, na hili ndilo kubwa, kwa muda wa miaka kadhaa majedwali rasmi ya thamani yalisema neno moja na watu wa mpakani wakasema jingine, na mwanahistoria anayesoma majedwali bila kuyasikiliza maneno hupata picha iliyopinduliwa. Tunakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili ni hati ya historia ya uchumi, tena hati ambayo haikuandikwa na serikali yoyote wala kuhaririwa nayo.

Urithi wa reale na rupia

Mazoea ya kuishi na fedha mbili kwa wakati mmoja si mageni katika pwani yetu. Katika karne ya 19 reale na rupia zilitumika sokoni bega kwa bega. Reale zenyewe zilikuwa za namna nyingi, na Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha 1870, aliorodhesha kadhaa. Ilikuwako reale ya Shamu, yaani ile sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya Maria Theresa na tarehe isiyobadilika ya 1780. Ilikuwako pia reale ya mzinga, ambayo ni sarafu ya Kihispania. Nguzo mbili zilizochorwa juu yake ziliwaonekea watu wa pwani kuwa mizinga. Jina hili la pili linafurahisha, kwa kuwa linaonyesha kwamba watu hawakungoja kufasiriwa sarafu za wageni. Walizitazama, wakazipa majina kwa macho yao wenyewe.

Sayyid Barghash alipotoa sarafu zake mwaka wa 1882, hesabu ya Unguja ilikuwa hivi: pesa 64 zilifanya rupia moja, na pesa 136 zilifanya reale moja. Kwa hiyo reale ilikuwa sawa na rupia mbili na thumni ya rupia. Neno hilo thumni, maana yake sehemu ya nane, ndilo tunalotaka msomaji alishike. Thumni ya reale ilikuwa pesa 17 kamili, kiasi kilichozidi robo ya rupia kwa pesa moja tu. Baadaye rupia ilipofanywa kuwa shilingi mbili, robo yake ikawa senti hamsini. Na mpaka leo wazee wa Mombasa na hata wa bara huita senti hamsini thumni au sumuni. Nusu ya shilingi kuitwa sehemu ya nane ni kichekesho cha hesabu kwa mtu asiyejua historia. Anayeijua huona kwamba jina hilo limehifadhi thamani ya kubadilishana kwa reale na shilingi, yaani reale moja kwa shilingi nne, ingawa reale yenyewe imekwisha kutoweka sokoni.

Upande wa Wajerumani mambo yalikwenda njia nyingine. Kampuni yao ilianza kutoa rupia na pesa mwaka wa 1890. Halafu mwaka wa 1904 serikali ya koloni ikaachana na hesabu ya pesa 64, ikaigawa rupia katika heller 100, na kuiweka katika thamani isiyobadilika ya rupia 15 kwa mark 20. Heller zilidumu kwa muda mfupi kuliko maisha ya mtu mmoja, lakini zimeiachia Tanzania neno hela, ambalo sasa lina maana ya fedha ya aina yoyote. Mkenya husema pesa, neno la Kihindi. Mtanzania husema hela, neno la Kijerumani, na pesa pia. Mpaka uliochorwa na wakoloni umebaki katika vinywa vya watu hata pale ambapo fedha zenyewe zilikuja kuunganishwa.

Habari za kuunganishwa huko tutazipitia upesi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwishoni mwa 1919. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda nayo. Mwaka wa 1920 ikafungwa katika shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000, ambalo zamani lilikuwa pauni 1,000, alijikuta akidaiwa pauni 1,500 bila kukopa hata senti moja zaidi. Makelele yao yanajulikana, na mwaka wa 1921 waajiri walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Florini ilijaribiwa kwa muda mfupi, kisha mwanzoni mwa 1922 shilingi ikachukua nafasi yake. Unguja ilibaki na rupia yake mpaka tarehe 1 Januari 1936, ilipoingia katika shilingi kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Tangu hapo, kutoka Vanga mpaka Lindi na kutoka Lamu mpaka Kampala, fedha ilikuwa moja.

Kabla ya kuendelea, neno moja zaidi la zama hizo. Nchini Tanzania sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na mabasi ya Dar es Salaam yaliyotoza nauli ya shilingi tano katika miaka ya 1980 yakaitwa daladala. Lakini katika miaka hiyo dola ya Marekani haikuwa shilingi tano hata kidogo. Ilikuwa shilingi tano, au kasoro senti chache, kabla ya Septemba 1949, wakati pauni moja ilipokuwa dola 4.03 na shilingi 20 zilipofanya pauni. Kwa maoni yetu, jina dala lilizaliwa katika hesabu hiyo ya kabla ya 1949, likaendelea kuishi baada ya hesabu yenyewe kufa, sawasawa na thumni.

Shilingi moja yenye pasipoti tatu

Tarehe 10 Juni 1965 serikali tatu za Afrika Mashariki zilitangaza kwamba kila moja itaunda benki kuu yake. Shilingi ya Tanzania ilitoka tarehe 14 Juni 1966, ya Uganda mwezi wa Agosti, na ya Kenya tarehe 14 Septemba. Zote tatu zililingana na shilingi ya zamani, na kwa hiyo zililingana zenyewe kwa zenyewe: 20 kwa pauni moja, na 7.14 kwa dola ya Marekani. Pauni ya Uingereza iliposhushwa thamani mwezi wa Novemba 1967, hakuna hata moja kati ya tatu iliyoifuata, na pauni ikawa shilingi 17.14. Ndipo Kenya ikawa na pauni mbili: ile ya Uingereza, na pauni ya Kenya ya shilingi 20, iliyoendelea kwa miaka mingi kutumika katika makadirio ya serikali ingawa haikuwahi kuchapishwa kama noti.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Kampala mwaka wa 1967 ulitaka mabenki makuu yabadilishane noti kwa thamani sawa bila ya kutoza ada. Katika miaka hiyo ya kwanza mfanya biashara wa Moshi angeweza kulipa deni lake Taveta kwa noti zenye sura ya Nyerere, na hakuna aliyehitaji neno la kuzitenganisha. Shilingi ilikuwa shilingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali zilianza kuzuia fedha zisivuke mipaka bila kibali, na hapo msamiati ukaanza kugawanyika. Lakini thamani rasmi iliendelea kwenda pamoja. Mwezi wa Oktoba 1975 nchi zote tatu ziliacha kuifuata dola, zikafunga shilingi zao kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kiwango kimoja, 9.66. Hata mpaka ulipofungwa tarehe 4 Februari 1977, na Jumuiya ikavunjika katikati ya mwaka huo, shilingi hizi mbili zilikuwa bado sawa kwa mujibu wa vitabu. Wastani wa 1978 ulikuwa shilingi 7.73 za Kenya na 7.71 za Tanzania kwa dola moja. Katika vitabu vya mabenki, ndugu hawa walitengana miaka miwili baada ya nyumba yao kubomoka.

Miaka ya picha iliyopinduliwa

Mwezi wa Januari 1979 Tanzania, iliyokuwa katika gharama za vita dhidi ya Idi Amin, ilishusha thamani ya shilingi yake kwa takriban asilimia 10. Kuanzia hapo mtu aliyekuwa na shilingi 100 za Kenya aliandikiwa kama 110 za Tanzania. Mwaka huo huo Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ambaye alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Katibu Mkuu wa Jumuiya, alijiuzulu kwa kutoafikiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha, na kushusha thamani kulikuwa kiini cha masharti hayo. Msimamo wa Mwalimu ulikuwa wazi: nchi haitaamriwa na watu wa nje thamani ya fedha yake.

Kenya, kwa upande wake, ilishusha thamani ya shilingi mara mbili katika mwaka wa 1981, kisha tena mwezi wa Desemba 1982. Tanzania ilishusha kidogo mwezi wa Machi 1982. Matokeo yake ni haya, kwa wastani wa kila mwaka. Katika 1982 dola moja ilikuwa shilingi 10.92 za Kenya na 9.28 za Tanzania. Katika 1983 ilikuwa 13.31 za Kenya na 11.14 za Tanzania. Atakayegawanya ataona kwamba katika 1983, kwa mujibu wa mabenki makuu yote mawili, shilingi 100 za Kenya zilistahili kupata shilingi 84 tu za Tanzania. Shilingi ya Tanzania, katika mwaka ambao maduka ya Dar es Salaam hayakuwa na sabuni wala mafuta ya kupikia, ilikuwa na nguvu kuliko shilingi ya Kenya.

Hatuna budi kutua hapa. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu kwa kutumia majedwali haya, na tumewaona wanaoyatumia kwa imani kubwa, ataandika kwamba mwaka wa 1983 uchumi wa Tanzania ulikuwa ukiipita Kenya kwa nguvu ya fedha. Ataandika uongo kwa takwimu za kweli. Kila mkazi wa Namanga, Sirari, Holili na Horohoro alijua kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angetoa shilingi 100 za Kenya ili apewe 84 za Tanzania. Mpaka ulikuwa umefungwa kisheria, lakini ng'ombe, sukari, vitenge na karafuu havikusoma sheria. Karafuu za Pemba zilivuka bahari usiku kwenda Mombasa, kwa sababu zao hilo lililipwa kidogo nyumbani, na malipo ya Mombasa yalikuwa katika fedha iliyoweza kununua kitu.

Ni nini basi kilichoshuhudia thamani ya kweli? Maneno. Katika miaka hiyo Kiswahili cha Tanzania kiliyatia nguvu maneno mawili yaliyokuwako zamani. La kwanza ni magendo, biashara ya kukwepa forodha, ambalo lilivuka mpaka mpaka likawa neno la kila siku Uganda chini ya Amin. La pili ni ulanguzi. Kulangua ni kununua kitu kwa wingi ili kukiuza kwa bei ya juu, jambo ambalo kila mfanya biashara hulifanya kwa kadiri yake; lakini katika miaka ya uhaba mlanguzi alikuwa adui wa taifa. Mwezi wa Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha kampeni kubwa dhidi ya walanguzi, na sheria iliyotungwa mwaka huo ikatumia neno jipya na zito kuliko yote mawili: uhujumu uchumi. Kuhujumu ni kushambulia kwa ghafula. Neno la vita liliingizwa dukani. Waliokutwa na bidhaa zilizofichwa au fedha za kigeni zisizo na kibali walipelekwa mbele ya mahakama maalumu, na wengine wakatupa mali zao usiku ili zisikutwe nyumbani.

Mtu aliyekamatwa kwa kubadilisha shilingi za Kenya alihukumiwa kwa kipimo kilichosema kwamba shilingi ya Tanzania ni bora. Kosa lake hasa lilikuwa kusema, kwa mkono wake, thamani ambayo serikali haikutaka kuitamka. Si nia yetu kuwatetea waliowaficha watoto wa wenzao unga na sukari. Lakini yafaa kuona kwamba neno mhujumu lilifunika makosa mawili yasiyofanana: kuficha bidhaa, na kutaja bei. Sheria haikuyatenganisha, na tunaamini kwamba sababu mojawapo ni kuwa lugha nayo haikuyatenganisha. Tofauti hiyo inaonekana zaidi tukilitazama neno ulanguzi katika Kenya ya leo, ambako limekwenda njia yake: vyombo vya habari vya Kenya huzungumzia ulanguzi wa dawa za kulevya na ulanguzi wa binadamu, wala si wa sukari. Kenya haikuwa na miaka ya uhaba ya namna ile, na neno halikupata kazi hiyo.

Katika 1985 thamani rasmi ilikuwa imerudi karibu na usawa: wastani wa 17.47 za Tanzania na 16.43 za Kenya kwa dola, yaani 106 kwa 100. Dola hiyo hiyo katika vichochoro vya Dar es Salaam ilipata zaidi ya mara tano ya bei ya benki. Kisha, baada ya Mwalimu kung'atuka na Ali Hassan Mwinyi kushika uongozi mwishoni mwa 1985, serikali ilikubali kufanya mambo yaliyokataliwa kwa miaka saba. Wastani wa 1986 ulikuwa shilingi 32.70 kwa dola, wa 1987 ukawa 64.26, na wa 1988 ukafika 99.29. Shilingi ya Kenya katika miaka hiyo hiyo ilisogea kutoka 16.23 hadi 17.75 tu. Kwa hiyo shilingi 100 za Kenya zilipata 201 za Tanzania katika 1986, karibu 390 katika 1987, na karibu 560 katika 1988. Jedwali lilikuwa likikimbia kuwafikia watu wa mpakani, ambao walikwisha kufika zamani.

Ni katika kipindi hiki cha kuporomoka ambapo tunauweka kwa maana yake ya sasa ule msemo wa Kitanzania, fedha za madafu. Dafu ni nazi changa, huangushwa bure shambani, na maji yake hunywewa papo hapo kwa kuwa hayawekeki. Hakuna jedwali linaloweza kueleza mfumuko wa bei kwa maneno machache namna hiyo. Msemo huu kwa kawaida husemwa ukipambanishwa na fedha za kigeni, na mara nyingi kwa mzaha wa mtu anayejicheka mwenyewe. Mkenya hana msemo ulio sawa na huu. Ana mbao kwa shilingi 20 na ana sumuni, lakini hana neno la kuidharau fedha yake kwa ujumla, na ukimya huo nao ni ushahidi.

Kushusha na kushuka

Kuna jambo la sarufi ambalo wanauchumi wetu wamelipita. Kiswahili kina kitenzi kushuka, na kwa kukinyambua tunapata kushusha. Serikali inapotangaza kwamba kuanzia leo dola ni shilingi 17 na si 12, tunasema imeshusha thamani: yupo mtenda, ipo siku, na lipo tangazo. Sarafu ikiachwa sokoni ijitafutie bei yake, tunasema imeshuka: mtenda hayupo. Mambo ya 1979 hadi 1984 katika nchi zote mbili yalikuwa ya kushusha. Mwaka wa 1992 Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na Kenya ikaiacha shilingi yake ielee mwaka wa 1993. Tangu hapo magazeti ya nchi zote mbili huandika kushuka. Mnyambuliko mmoja umewaondoa mawaziri katika sentensi.

Hatusemi kwamba mabadiliko hayo ya sarufi ni hila. Lakini mwaka wa 1993 wastani wa dola nchini Kenya uliruka kutoka shilingi 32 hadi 58, baada ya serikali kumwaga fedha nyingi wakati wa uchaguzi wa 1992 na baada ya malipo ya uongo ya kashfa ya Goldenberg. Shilingi ya Kenya ilisemekana kuwa imeshuka. Watu wenye majina na vyeo walikuwa wameishusha. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, shilingi ya Tanzania ilipata nafuu mbele ya jirani yake: 100 za Kenya zilipata karibu 700, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa zikipata zaidi ya 920. Nafuu hiyo haikudumu. Katika 1995 zilikuwa zimefika 1,118.

Yafaa kuongeza, kwa kuwa tunaongea na watu wa sarufi, kwamba neno sarufi lenyewe na neno sarafu hutoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kugeuza na kubadilisha. Mwanasarufi hugeuza umbo la neno, na mwenye kubadilisha fedha hugeuza shilingi kuwa dola. Wazee waliotuletea maneno haya hawakuona ajabu kuyaweka karibu.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kutuchelewesha. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa takriban 10.5 za Tanzania mwaka wa 2000, takriban 15 mwaka wa 2005, na zaidi kidogo ya 20 mwaka wa 2015. Kisha mwaka wa 2023 shilingi ya Kenya ilidhoofika mbele ya dola, na kiwango kikarudi nyuma mpaka 17. Mpakani watu hukumbuka viwango hivi kwa kupitia bidhaa: gunia la vitunguu, nauli ya kwenda Arusha, karo ya mtoto aliyeandikishwa shule ya upande wa pili. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisoma ng'ambo, aliona kwamba mbao za kubadilishia fedha katika viwanja vya ndege vya huko hazikuwa na shilingi yoyote kati ya hizi mbili. Ukitaka kujua ipi ni nzito, njia pekee ilikuwa kuzipitisha kwanza katika dola, kama ndugu wawili wasioongea ila kwa mjumbe.

Deni lililohesabiwa kwa shilingi ipi?

Wako watu ambao kwao suala hili halikuwa la msamiati. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977, iliacha reli, bandari, posta na shirika la ndege, na maelfu ya wafanyakazi waliokuwa wakichangia mafao yao katika shilingi ambazo kisheria zilikuwa sawa. Victor Umbricht, mpatanishi kutoka Uswisi, alishughulika kwa miaka mingi mpaka makubaliano ya kugawana mali na madeni yalipotiwa sahihi mwezi wa Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi iliachiwa kuwalipa raia wake mafao yao. Huko Tanzania madai ya wastaafu hao yaliendelea, mahakamani na barabarani, hata katika miaka ya 2000.

Fikiria mfanyakazi wa reli aliyeajiriwa Tanga na mwenzake wa Voi, wote wakiwa na akiba ya shilingi 10,000 katika 1977. Vitabu vilisema wana haki sawa. Kwa wastani wa 1978, kila mmoja alikuwa na takriban dola 1,300. Kama kila mmoja angepewa shilingi zile zile 10,000 mwaka wa 2000, wa Voi angepata dola 131, na wa Tanga dola 12 na nusu. Neno lililoandikwa katika daftari la mshahara ni moja, shilingi, na tarakimu ni zile zile. Wanasheria waliobishana juu ya riba na juu ya kiwango cha kubadilisha walikuwa, kwa kweli, wakibishana juu ya maana ya nomino moja: je, shilingi iliyotajwa katika hati ya 1977 ni ile ya wakati ule, yenye uwezo wake wa kununua, au ni jina tu linalovaliwa na chochote kitakachoitwa shilingi siku ya malipo?

Swali hilo litarudi. Tarehe 30 Novemba 2013 nchi wanachama wa Jumuiya mpya zilitia sahihi itifaki ya umoja wa fedha, zikitarajia kuwa na sarafu moja katika 2024. Tarehe hiyo imekwisha kusogezwa mpaka 2031. Mengi yamejadiliwa kuhusu nakisi za bajeti na mfumuko wa bei. Tungependa kuongeza jambo dogo ambalo kamati za wachumi huenda zisilione. Tangu 1966 Tanzania iliandika sarafu zake kwa Kiswahili, senti tano, senti hamsini, shilingi moja, wakati Kenya iliandika zake kwa Kiingereza. Na noti za Tanzania husema Benki Kuu ya Tanzania, ilhali noti za Kenya, ingawa Wakenya wenyewe sasa huandika benki katika magazeti na vitabu vyao, bado husema Banki Kuu ya Kenya. Irabu hiyo moja haijawahi kupatanishwa, na noti ya pamoja, siku itakapochapishwa, itakuwa na nafasi ya neno moja tu.